Uzi: Kusimama katika imani wakati wa dhiki, na sala ya kilio ambayo wengi wetu tumenyang'anywa

#1 – Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Nimeahirisha uzi huu kwa muda mrefu, kwa kuwa jambo lenyewe linanigusa mahali ambapo kidonda hakijafunga. Kilichonisukuma hatimaye ni maneno niliyoyasikia msibani mwezi uliopita. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuwa analia kwa sauti, na mtu mmoja akamwinamia akamwambia, "Mpendwa, nyamaza, mtu wa imani halii kama wasio na tumaini." Yule mama akanyamaza. Nilimtazama usoni nikajua kwamba hakufarijika hata kidogo, alizibwa mdomo tu, na nilijua hivyo kwa sababu mimi pia niliwahi kuzibwa mdomo kwa maneno hayohayo.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na selimundu. Wenye mtoto wa namna hiyo wanayajua maisha yake: usiku wa maumivu ya mifupa ambapo hakuna mahali pa kumshika asilie, kuwapigia ndugu simu usiku wa manane kuomba wachangie damu, kumkumbusha maji ya kunywa kila saa, na kumvika sweta mbili upepo wa Dodoma unapovuma mwezi wa Juni. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata mume wangu alipoteza kazi, tukauza kiwanja tulichokuwa tumekinunua kwa miaka mingi ya kujinyima. Katika kipindi hicho watu wanaonipenda waliniambia mambo mengi: kwamba kuna mlango niliouacha wazi adui akapita, kwamba ni laana ya ukoo, kwamba ningepanda mbegu ya fedha mtoto angepona. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nakwenda kanisani, ninaimba, ninatoa sadaka, kisha ninarudi nyumbani na kukaa jikoni bila kuwasha taa, nisiwe na neno la kumwambia Mungu, kwa maana neno pekee nililokuwa nalo lilikuwa swali, na swali lile niliambiwa ni dhambi.

Sikuja kutoa ushuhuda wa muujiza. Ninaleta hoja moja, nanyi mniambie kama nimekosea: Maandiko yenyewe yametupa maneno ya kumlilia Mungu na hata ya kumuuliza kwa uchungu, na mtu anayeyatumia maneno hayo bado yumo ndani ya imani, tena huenda yumo ndani zaidi kuliko yule anayejikaza na kutabasamu. Wengi niliowaona wakiondoka kimyakimya kanisani baada ya msiba hawakuondoka kwa sababu walilia kupita kiasi. Waliondoka kwa sababu hawakupata mahali pa kulia.

Tuanze na lile andiko ambalo hutumika kuwanyamazisha wafiwa. Katika 1 Wathesalonike 4:13 Paulo anawaandikia watu waliofiwa "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Lisomeni polepole. Hakuandika kwamba wasihuzunike. Aliandika kwamba huzuni yao isiwe kama ya mtu asiye na tumaini, maana yake huzuni ipo, na tumaini lipo, vyote viwili ndani ya moyo mmoja kwa wakati mmoja. Bwana mwenyewe alilia machozi kaburini pa Lazaro, ilhali alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita atoke.

Kisha tufungue Zaburi. Wanaozichambua hukadiria kwamba theluthi nzima au zaidi ya zaburi 150 ni za maombolezo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na katika aya mbili za mwanzo maneno "hata lini" yanarudiwa mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Huyu anayeuliza ni Daudi, na maneno yake hayakufutwa. Yaliandikwa, yakawekewa sauti ya kuimbwa, yakapewa mwimbishaji ili mkutano wote uyaimbe. Yaani hata yule ambaye wiki hiyo hakuwa na shida yoyote alipaswa kuimba kilio cha jirani yake.

Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi. Nyingine nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kumalizia kwa sifa, lakini hii haigeuki. Mtunzi analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anaitupa nafsi yake, na neno la mwisho kabisa katika tafsiri yetu ya Kiswahili ni "gizani." Hapo inakoma. Niliposoma hivyo kwa mara ya kwanza nikiwa katika hali ile niliyoieleza, nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia tangu mazishi, kwa sababu niligundua kwamba kuna mtu aliwahi kuketi katika jiko kama langu, naye Mungu akaona vema maneno yake yawemo katika Kitabu. Angalieni pia kwamba mtu huyo hajaacha kusema na Mungu. Anaanza kwa kumwita "Mungu wa wokovu wangu," na giza lake lote analitamka mbele za Mungu huyohuyo.

Nimeeleza kwa kirefu. Naomba michango yenu, hasa ya wale ambao hawakubaliani nami.

#2 – Mchangiaji wa pili

Amina, dada mleta uzi, na pole sana kwa kumpoteza mtoto. Nimesoma kwa heshima, lakini kuna jambo linanitia shaka, na kwa kuwa umeomba tuseme wazi, ninasema. Waraka kwa Wafilipi unatuamuru tufurahi katika Bwana sikuzote, na Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni. Wana wa Israeli walinung'unika jangwani, na kizazi kile hakikuingia katika nchi ya ahadi. Ninaogopa kwamba tukiwafundisha watu wetu kumlalamikia Mungu tutalea manung'uniko, na manung'uniko ni sumu ndani ya kanisa. Je, mpaka uko wapi kati ya kilio chako na manung'uniko ya jangwani?

#3 – Mleta uzi

Asante, kaka, kwa swali zuri. Nililiogopa swali hilo kuliko mengine yote, na sikuliona jibu lake hadi mchungaji mmoja mzee aliponiambia niangalie wanaolia wanamlilia nani. Waisraeli jangwani walisema wao kwa wao, walikaa hemani mwao wakimnung'unikia Musa na kumsema Mungu kana kwamba hasikii, kisha wakapendekeza kumchagua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Walikuwa wamempa Mungu kisogo. Mtunzi wa zaburi naye amemwelekea Mungu, amemshika nguo, hamwachii aende. Mtoto anayelia huku amemshika mama yake gauni hajamkataa mama yake.

Kuhusu Paulo, tumsome mzima. Ni kweli aliandika juu ya furaha akiwa kifungoni. Lakini huyohuyo, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba huko Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, "hata tukakata tamaa ya kuishi." Sura tatu mbele, katika waraka uleule, anaandika kwamba wanadhikika pande zote lakini hawakati tamaa. Nilikuwa ninadhani sehemu hizi mbili zinapingana. Leo ninaona kwamba ni mtu mmoja anayesimulia ukweli wote: kuna siku alikata tamaa, na kuna Mungu aliyemvusha siku hiyo, kwa hiyo akatazama nyuma na kusema hatukati tamaa. Angeficha ile sura ya kwanza, sura ya nne ingekuwa maneno ya kujitapa tu.

Tena ni Paulo huyohuyo aliyewaandikia Warumi kwamba wafurahi pamoja na wafurahio na kulia pamoja na waliao. Hakuwaagiza wawafundishe waliao namna ya kufurahi.

Na kitabu cha Ayubu tukisome hadi mwisho, kwa sababu wengi tunaishia sura ya kwanza pale anapolihimidi jina la Bwana. Elifazi, Bildadi na Sofari walifanya jema moja kubwa: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofumbua midomo ndipo walipoharibu. Walimtetea Mungu kwa sura nyingi, kwa hoja ambazo ukizisikia leo utadhani uko kwenye semina ya mafundisho: tubu, kuna dhambi umeficha, Mungu hamwonei mtu. Ayubu kwa upande wake aliuliza, alilalamika, alitamani asingezaliwa. Mwishoni, katika 42:7, Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ni kweli kwamba Ayubu pia alikemewa kutoka katika upepo wa kisulisuli, naye akanyenyekea. Lakini walioagizwa kupeleka sadaka na kuombewa ni wale watetezi wa Mungu, na aliyeambiwa awaombee ni yule mlalamikaji.

#4 – Mchangiaji wa tatu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Mkatoliki, nami ninachangia kwa kuwa jambo hili ni letu sote. Nilibahatika kuhiji Namugongo nchini Uganda, mahali walipouawa mashahidi wa Uganda, na tangu hapo siwezi kufikiri juu ya uthabiti wa imani bila kuwakumbuka vijana wale. Tarehe 3 Juni 1886, ambayo mwaka ule iliangukia sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, wengi wao walichomwa moto hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Jumla ya mashahidi wanaokumbukwa wa miaka ile ya 1885 hadi 1887 ni 45, yaani Wakatoliki 22, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23.

Jambo linalonigusa ni jinsi imani yao ilivyokuwa changa. Baadhi yao walikuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, aliwabatiza usiku wa kuamkia hukumu yao, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Hawakuwa na miaka 30 ya mafundisho. Walikuwa na kitu kimoja ambacho tunakidharau: walikuwa pamoja. Walisali pamoja, walitembezwa pamoja hadi Namugongo, wakasubiri siku kadhaa wakiwa wamefungwa huku wakitiana moyo. Kwa hiyo, dada, ninakubaliana nawe juu ya kilio, lakini ninaongeza kwamba mtu anayelia peke yake yumo hatarini. Huku kwetu jumuiya ndogondogo zilianzishwa ili mtu asibaki peke yake, ingawa nyingi zimegeuka kuwa mahali pa kukusanyia michango, na hilo linanisikitisha.

#5 – Mleta uzi

Milele amina, ndugu yangu. Umenigusa sana, na umenifungulia njia ya kuingiza habari ambayo nilikuwa nimeiweka akiba.

Mama yangu alilelewa katika Uamsho, ile harakati iliyoanzia Rwanda na Uganda na kuenea Tanganyika na Kenya, ambayo watu wake walitambulikana kwa kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, na kwa kuungama dhambi zao waziwazi mbele ya wenzao. Alikuwa akimtaja Festo Kivengere kwa upendo, kwa sababu mwalimu huyo kutoka Uganda alifundisha hapa Dodoma kwa miaka mingi, katika miaka ya 1940 na 1950, kabla hajarudi kwao na hatimaye kuwa askofu wa Kigezi.

Mwaka 1977, chini ya utawala wa Idi Amin, maaskofu wa Kanisa la Uganda waliandika barua ya pamoja kumpinga rais kwa mauaji na uonevu uliokuwa umezagaa. Aliyewaongoza alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini karibu na Kitgum, mwalimu wa shule aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho huohuo. Tarehe 16 Februari 1977 maaskofu waliitwa Kampala mbele ya umati wa askari. Jioni wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa, na hawakumwona tena akiwa hai. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari, na hakuna aliyeamini. Mwili wake ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 waumini kwa maelfu walifurika Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana jijini Kampala, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa nalo halikuwa na mtu wa kuzikwa ndani yake, wakasimama pale wakaimba.

Ninawaza mara kwa mara juu ya watu wale waliosimama kando ya kaburi tupu. Hawakuwa na jibu lolote. Amin alikuwa bado ikulu, na angekaa humo miaka miwili zaidi. Waliokwenda Namirembe siku ile walijua kwamba kuonekana tu mahali pale kungeweza kuwagharimu. Waliimba wakiwa wanalia, nami ninaamini kwamba ilikuwa sala ya namna ileile ya Zaburi.

Kivengere yeye alionywa kwamba anatafutwa. Usiku ule yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Miezi michache baadaye, akiwa London katika ibada ya Ijumaa Kuu, alisikia yale maneno ya Bwana msalabani, "Baba, uwasamehe," akatambua kwamba moyo wake umejaa chuki dhidi ya Amin, na kwamba chuki ile ilikuwa inamla yeye kuliko ilivyomdhuru Amin. Aliungama. Kisha akaandika kitabu kidogo ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin, jambo lililowakwaza watu wengi waliokuwa wamefiwa. Mimi sijui kama ningeweza. Lakini ninatambua kwamba askofu huyu, mhubiri aliyejulikana dunia nzima, hakusema kwamba imani yake ilimkinga asichukie. Alisema kwamba alichukia, akaenda nayo chuki hiyo msalabani, akasaidiwa. Tofauti hiyo ni kubwa, hasa kwa sisi ambao dhiki yetu ina mtu nyuma yake: mwajiri aliyetudhulumu, ndugu aliyechukua shamba, mume aliyeondoka.

#6 – Mchangiaji wa nne

Shikamoo mama mleta uzi, pamoja na wakubwa wote.

Mimi ni kijana wa miaka 27. Nilimaliza chuo mwaka 2021 na mpaka leo sijapata ajira. Nimejaribu kufuga kuku wakafa kwa mdondo, nimeendesha bodaboda ya mtu ikaibwa, na sasa nadaiwa mikopo ya kwenye simu ambayo wahusika wake wanawapigia hadi ndugu zangu kunitangaza. Nilifunga siku 21 mwezi wa kwanza. Nilitoa fedha yangu ya mwisho katika huduma moja nikaahidiwa kwamba ndani ya siku 7 mlango utafunguka. Haukufunguka. Mhubiri alisema sikuamini vya kutosha.

Ninasoma mnayoandika juu ya Namugongo na Uganda, na ninawaheshimu watu hao, lakini wao waliteswa kwa ajili ya Kristo. Mimi sina mateso ya heshima. Nimefulia tu. Siku hizi nalala mpaka saa sita mchana kwa kuwa sioni sababu ya kuamka, na sala zimenikauka kabisa.

#7 – Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na wengine waliobaki wanivumilie nikijibu wewe kwanza.

Naomba nianze na hilo la mhubiri. Ile hukumu kwamba hukuamini vya kutosha, itue. Si yako kuibeba. Danieli sura ya tatu inasimulia vijana watatu mbele ya tanuru waliosema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo," hawataisujudia sanamu. Kwa mafundisho ya siku hizi maneno hayo matatu ya "kama si hivyo" yangehesabiwa kuwa ukosefu wa imani, ilhali Biblia inayahesabu kuwa imani yenyewe. Waebrania 11 nayo inataja waliofunga vinywa vya simba na wanawake waliopokea wafu wao wakiwa hai, kisha bila kubadili sauti inawataja wengine waliopigwa kwa mawe na kukatwa kwa misumeno, na kusema kwamba wote hao walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Mwanangu alifariki, na mtoto wa jirani yetu mwenye ugonjwa uleule yupo kidato cha tatu. Sitakubali tena mtu aniambie kwamba mama yule aliomba vizuri kuliko mimi.

Ndugu zangu, hapa nina uchungu, nisameheni. Mtu aliyebanwa ni rahisi kuongozwa popote. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walipoteza maisha Moshi katika msongamano wa kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi wa watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta msaada. Kanisa ambalo halina nafasi ya kilio linawaacha waumini wake waende kwa yeyote anayewaahidi kwamba kilio kitakoma Jumapili ijayo.

Sasa wewe. Unasema mateso yako hayana heshima. Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa Karmeli, alikimbia kwa hofu, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Ni nabii, naye analala mchana kama wewe. Tazama Mungu alivyomtendea katika 1 Wafalme 19. Hakumhubiria. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, na malaika hakumkemea kwa kulala. Alimgusa mara ya pili akampa chakula tena, kwa maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la kwamba anafanya nini pale lilikuja baadaye sana, baada ya siku 40 za kutembea hadi Horebu.

Kwa hiyo usijiwekee mfungo mwingine kwa sasa. Kula. Lala usiku, uamke hata kama huna pa kwenda. Ukiona usingizi na kukosa hamu vinaendelea wiki baada ya wiki, nenda hospitali ukaonane na daktari ueleze kama ulivyoeleza hapa, maana sonona ni ugonjwa na kutibiwa si kumkana Mungu. Na kama wazo la Eliya la kutaka kufa limewahi kukupitia, usilifiche hata leo. Mwambie mtu mmoja ana kwa ana kabla jua halijazama. Kuhusu deni, nenda na mtu mzima mmoja unayemwamini mkae mpige hesabu, kwa sababu aibu ya deni hukua ikiwa gizani.

Juu ya sala zilizokauka nitakuambia nilivyofanya mimi. Katika utaratibu wa kale wa Waanglikana Zaburi zote 150 zimegawanywa zimalizike kwa siku 30, asubuhi na jioni. Sikuwa na sala yangu mwenyewe, basi nikaanza kusoma za wengine kwa sauti, bila kungoja nijisikie. Jioni ya siku ya pili ilikuja "hata lini" ya Zaburi ya 13. Asubuhi ya siku ya 17 ilikuja Zaburi ya 88. Kati yake zilikuja za sifa ambazo sikuweza kuzisema kwa moyo, nikazisema kwa mdomo, nikijua kwamba mahali fulani kuna mtu anayezisema kwa moyo siku hiyo, naye huenda anasema za giza kwa ajili yangu.

#8 – Mchangiaji wa pili

Dada, nimerudi. Nimekuelewa katika suala la manung'uniko, na nakiri kwamba nimewahi kuwanyamazisha wafiwa kwa nia njema. Kijana wetu wa hapo juu, nitakutumia ujumbe wa faragha, nipo Morogoro, na kama uko karibu tuonane.

Naomba nimuulize mleta uzi jambo la mwisho. Ni nini hasa kilichokutoa pale jikoni? Maana kusoma Zaburi ni vema, lakini mtu aliyezama hata Biblia ni nzito mkononi.

#9 – Mleta uzi

Ubarikiwe, kaka, kwa kumtafuta kijana wetu. Hilo limenifurahisha kuliko kukubaliana kwetu.

Ni kweli unavyosema. Biblia ilikuwa nzito, na mwanzoni sikuishika mimi. Wanawake watatu wa Umoja wa Akina Mama walianza kuja kwangu kila Jumatano alasiri. Mmoja alikuwa amemzika mtoto zamani, kabla sijaolewa. Hawakuja na somo. Mmoja alikwenda moja kwa moja kuosha vyombo vilivyolala tangu juzi, mwingine akakoroga uji, na yule mkubwa akatandika mkeka akaketi karibu nami. Wiki ya kwanza na ya pili hawakuomba hata sala ya kufunga, walikaa tu mpaka jua likaelekea kuzama, wakaaga. Wiki ya tatu yule mkubwa akatoa Biblia yake iliyochakaa jalada akasoma Zaburi ya 42, polepole, pale mtunzi anapoiuliza nafsi yake kwa nini inainama. Akaifunga. Nikamwambia, "Mama, mimi nina hasira na Mungu." Nilitegemea anikemee. Akanijibu, "Mwambie basi. Sisi tupo."

Nilimwambia Mungu yote mbele yao. Nililia hadi nikapaliwa, na hakuna aliyenishika mdomo.

Paulo ana aya ambayo nilikuwa naipita bila kuiona, 2 Wakorintho 7:6. Anasimulia kwamba walipofika Makedonia miili yao haikupata nafuu, nje vita na ndani hofu, kisha anasema kwamba Mungu mwenye kuwafariji wanyonge aliwafariji "kwa kuja kwake Tito." Mtume mzima, aliyepata kuona maono, anafarijiwa kwa sababu mtu amefika mlangoni. Na karibu na mwisho wa maisha yake, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anaandika kwamba Dema amemwacha, anaomba aletewe joho lake alilomwachia Karpo kule Troa pamoja na vitabu, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Alihitaji nguo, maandiko na rafiki, na hakuona haya kuviomba.

Mume wangu sasa ana kibanda cha kuuza vipuri vya pikipiki, na tunakula. Kiwanja hakikurudi. Swali langu kuhusu mtoto sijajibiwa, na kila asubuhi ya tarehe 17 ninapoifikia Zaburi ya 88 ninamuuliza Mungu upya kwa maneno ya pale. Yule mama aliyenyamazishwa msibani nimepata namba yake ya simu. Jumatano hii tunakwenda kwake, watatu, na mimi ndiye nitakayekoroga uji.